Bata Mzinga Walionyamaza

Bonde la Sallee, Missouri
9 Februari

Mwanangu Truett,

Nakusalimu kutoka huku bondeni, wewe na mkeo Annika na mjukuu wangu Maren. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika likiona ngazi. Theluji imeyeyuka upande wa jua, lakini upande wa kivuli imeng'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga. Yule ng'ombe mwenye paji jeupe kazaa ndama jike. Mchungaji kavunjika kidole cha mguu akishuka mimbarini, na Mungu atusamehe, tumefurahi kidogo, maana sasa anahubiri kwa mguu mmoja na mahubiri yamekuwa mafupi.

Sanduku lako limefika. Harlan Deckard, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, ndiye aliyelibeba kutoka posta, kwa hiyo ilibidi nilifungue mbele yake, la sivyo angekufa kwa udadisi. Ndani tukalikuta dume la bata mzinga la mpira, la kuwavutia wenzake wa kweli, lenye manyoya halisi. Harlan akabonyeza rimoti. Likatandaza mkia, likageuka taratibu, likanitazama.

Nikamwambia, "Harlan, lizime hilo kabla sijalipiga risasi humu humu jikoni."

Akasema, "Orpha, hili ni zuri kuliko mimi."

Nikamwambia hilo si jambo gumu.

Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa na rimoti. Alinyonya kipenga chake cha mfupa wa bawa tu, na madume wakaja mbio kama wamealikwa harusini. Lakini asante. Asante pia kwa kizibao chenye kiti mgongoni. Kina mifuko mingi mno. Miwani yangu ya kusomea imo humo mahali fulani hadi leo.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Msimu wa kuwinda unafunguliwa tarehe ishirini na moja Aprili. Chumba chako nimekifagia na shuka nimezianika. Mwaka huu utakuja? Nijibu kwa barua. Usipige simu, laini ya huku imeharibika, inakwaruza tu.

Shangazi yako,
Orpha


Sioux Falls, South Dakota
27 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Maren ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi bila kutaka kila akisema jina la shule yake. Annika anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake mpaka mezani pa chakula. Baridi ya huku bado inauma kama mbwa.

Nilipiga simu Jumapili ingawa ulinikataza. Unakumbuka? Nilikuuliza goti lako likoje, ukanijibu, "Liko ghalani, nyuma ya trekta." Maren alicheka mpaka akaanguka. Laini hiyo kweli mbovu, waambie waje waitengeneze.

Nakutumia kamera. Ifunge kwenye ule mwaloni mkubwa juu ya kilima, pale mtandao unaposhika. Chochote kikipita mbele yake, inapiga picha na picha inaingia kwenye simu yangu papo hapo. Hivi ndivyo watu wanavyowinda siku hizi, Shangazi. Mtu yuko ofisini, amevaa tai, anajua dume wake amepita wapi asubuhi. Mimi nitatazama kutoka huku, nikuandikie wanapita upande gani.

Kazini, ghalani tunakofunga vifaa vya uwindaji, mlima wa masanduku umefika dari. Kila mtu nchini anataka vifaa vyake kabla ya Aprili. Jana nilikuwa nafunga vile vipande vya mdomoni vya kuitia bata mzinga, nikatoa kimoja cha kujaribu, nikaita kama jike anayeshuka mtini alfajiri. Ghala zima likanigeukia. Kisha mama mmoja wa upande wa viatu akasema, "Jamani, mpelekeni Truett nyumbani."

Kuhusu Aprili, ndio mwezi wetu mgumu kuliko yote. Acha nione.

Mwanao,
Truett


Bonde la Sallee
20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa jino la Maren. Mwambie alitunze. Huku tumepanda viazi, na uyoga bado haujatoka, ingawa Harlan anapita kila siku na kikapu kitupu na uso wa mtu aliyefiwa.

Kamera tumeifunga. Mimi nilitaka itazame bondeni, Harlan akataka itazame njia ya kilimani, tukabishana mpaka mvua ikatunyeshea. Nadhani nilishinda mimi.

Lile dume la mpira limepata ajali. Nililiweka uani ili nijifunze rimoti. Jogoo wa Harlan akaliona likitandaza mkia, akavuka kijito, akalirukia. Nikabonyeza ligeuke, nikidhani litamtisha. Jogoo akaona kama limemtukana. Sasa mkia una pengo, na jogoo anatembea akiwa ameinua kifua kana kwamba kijiji kizima ni chake. Harlan hataki kuomba radhi. Anasema jogoo wake hakuanza.

Lakini kuna jambo linalonisumbua. Bata mzinga wa mwaka huu wamenyamaza. Nimepanda kilimani mara kadhaa kabla ya jua, nikakaa pale tulipokuwa tukikaa, sikusikia hata dume mmoja akilia mitini. Harlan anasema anawasikia mpaka kitandani kwake. Harlan ni mwongo, amekuwa mwongo tangu darasa la pili. Labda ni ugonjwa. Labda ni wale paka pori.

Hujanijibu kama utakuja. "Acha nione" si jibu. Ndivyo tunavyowaambia watoto dukani.

Shangazi yako,
Orpha


Sioux Falls
8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Tunafanya kazi mpaka Jumamosi, na nikifika nyumbani natazama kalamu na kalamu inanitazama.

Picha zinaingia. Mpaka sasa nimepata kulungu watatu, makalio ya rakuni, na pua ya Harlan akichungulia kamera kama anatafuta mtu ndani yake. Maren ameichagua pua iwe picha ya kwenye jokofu.

Na bata mzinga wapo, Shangazi. Nimewaona majike wanne na madume wawili, mmoja ana ndevu ndefu za kifuani zinazokaribia kufagia ardhi. Hawaumwi. Sijui kwa nini unasema wamenyamaza.

Sanduku hili la sasa lina bunduki ndogo. Usinuse kwa dharau, nakuona. Najua ni ndogo kama ya mtoto, lakini ndani yake kuna marisau mapya, madogo kama mbegu za mchicha na mazito kuliko yale ya zamani. Bunduki hiyo nyepesi inafika mbali sawa na ile ya baba inayokupa michubuko begani. Juu yake kuna kioo chenye nukta nyekundu. Weka nukta kwenye shingo, basi. Hakuna kufumba jicho moja na kuomba dua.

Wateja wananiuliza kila siku kwenye simu, "Wewe mwenyewe umeijaribu hii?" Nasema ndiyo. Naijaribu kwenye kona ya ghala, nikilenga tangazo la njia ya dharura.

Wasalimie wote.

Truett


Bonde la Sallee
23 Aprili

Mwanangu Truett,

Marahaba. Ndama anakua. Miti myeupe imechanua chini ya mialoni, kilima kizima kama kimetandikwa leso. Kanisani walikuulizia. Nikasema una kazi nyingi.

Msimu umefunguliwa juzi. Nilivaa kizibao chako, nikabeba bunduki yako ndogo, nikakaa chini ya mwaloni kabla ndege hawajaamka. Niliita kwa kukwaruza kibao cha jiwe kama baba yako alivyonifundisha, laini, kisha kimya, kisha laini tena. Hakuna aliyejibu. Jua likapanda, kupe wakapanda, nikashuka.

Jana hivyo hivyo.

Nadhani nimewinda vya kutosha katika maisha haya. Bunduki nimeisafisha na kuiweka kabatini. Usinitumie kitu tena, mwanangu. Vitu ni vizuri sana, havina kosa. Mwanamke wa umri wangu hana haja ya nukta nyekundu kwenye msitu usio na sauti.

Shangazi yako,
Orpha


Sioux Falls
23 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo siandiki habari za nyumbani.

Juzi asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya magari naenda kazini, simu ikalia. Picha kutoka mwalonini. Kamera haitazami bondeni, Shangazi, Harlan alishinda. Inatazama njia ya kilimani, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo mbele yake. Nilikuona. Umevaa kizibao, kibao kiko juu ya goti lako, umeinamisha kichwa kidogo kama ulivyokuwa ukifanya ukiniambia ninyamaze.

Na nyuma yako, karibu kiasi kwamba ungemrushia mkate akaupokea, amesimama yule dume wa ndevu ndefu.

Picha ya pili, amenyoosha shingo, mdomo wazi. Analia, Shangazi. Ninajua dume anayelia anavyosimama, wewe ndiye uliyenionyesha. Picha ya tatu, bado analia. Na wewe unatazama mbele. Hukugeuza hata jicho.

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Watu wakanipigia honi.

Bata mzinga hawajanyamaza. Tangu lini husikii? Ndiyo maana hutaki simu? Na kilimani kuna wawindaji wengine, kuna watu kutoka mjini wanaofuata kila mwito wa mwindaji wakidhani ni jike. Mtu akikupigia kelele "Usisogee!" utajuaje?

Kifurushi hiki nimekituma kwa haraka. Ni vikombe viwili vya kuvaa masikioni. Mlipuko wa bunduki vinauzima, sauti ndogo vinaikuza. Si dawa, lakini vivae mpaka umwone daktari. Na umwone daktari. Nakusihi.

Truett


Bonde la Sallee
1 Mei

Truett,

Barua zetu zimepishana njiani, na yako imefika ikanikuta nimekasirika tayari kwa kukosa uwindaji, ikaniongezea.

Nilikubali kamera itazame bata mzinga. Sikukubali initazame mimi. Hata daktari hubisha hodi. Nilipanda kilimani na mkasi nikaikata mikanda yake, nikaiweka chini ya ndoo. Harlan nikamwambia mambo ambayo mwanamke Mkristo hasemi. Akaniomba radhi kwa sauti ya chini isiyo yake, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikusikia aliloomba. Niliusoma tu mdomo wake. Nikakaa juu ya ile ndoo.

Haya. Ilianza mwaka juzi. Kwanza zilikwenda sauti nyembamba, kama kengele ya jiko na wale vyura wadogo wa bwawani. Nikadhani vyura wamekufa. Kisha zikaenda sauti za wanawake kanisani, nikawa naimba kwa kuangalia midomo ya watu wa mbele. Harlan namsikia kwa sababu hajui kunong'ona. Kwenye simu nasikia mtu mmoja tu anakoroma mbali, ndiye wewe, nami nakisia. Goti nilidhani umeniuliza koleo.

Sikukudanganya kuhusu bata mzinga. Kwangu walinyamaza kweli. Nilikuwa nakaa pale nikiita, na wa kunijibu hakuna, nami nikajiambia afadhali wao waugue kuliko mimi.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nakujua. Ungesikia ungekuja usiku kucha na gari, na uso wa hospitali. Sikutaka uje kwa ajili ya masikio yangu. Nilitaka uje kwa sababu machipuko yamefika na huwezi kukaa.

Sasa nimefichua siri yangu. Fichua na wewe yako. Tangu Februari nimekuuliza swali moja. Umenijibu kwa kamera, ukanijibu kwa bunduki, ukanijibu kwa marisau madogo kama mchicha. Na swali hilo lina jingine chini yake, unalijua, umelipita kwa miaka minne kama mtu anayepita shimo barabarani. Utarudi kuishi huku, au hurudi?

Usinitumie kitu. Nitumie neno.

Orpha


Sioux Falls
5 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Neno ndilo hili. Sirudi kuishi huko.

Tulinunua nyumba vuli iliyopita. Nilikuandikia barua kukwambia, nikaichana, nikakutumia dume la mpira.

Ningependa kukwambia ni kwa sababu ya Annika. Yeye aliwahi kusema yuko tayari tuhame, kwamba walimu wanahitajika kila mahali. Mimi ndiye niliyesema hapana. Ningependa kukwambia ni kazi. Kazi ya kufunga masanduku ipo popote. Ukweli ni mdogo na unaniaibisha: nimezoea huku. Nawajua majirani. Maren ana rafiki anayeishi mlango wa pili. Nikiamka asubuhi sijiulizi niko wapi.

Na bado kila Aprili napata njaa isiyo ya chakula. Nasimama katikati ya masanduku, kila moja linaenda kwa mtu atakayekaa chini ya mti wake, na nahisi kama mpishi wa harusini asiyeruhusiwa kukaa mezani. Nakitamani kile kilima. Natamani unifinye paja nisikohoe. Nimejichunguza sana, Shangazi, nikaona ninachokitamani ni zile asubuhi, si maisha ya huko. Sikujua namna ya kukwambia hilo bila kukuvunja moyo, wewe uliyenilea baada ya baba kufa, na unayeniwekea shamba.

Nimeandika. Kasirika kadiri unavyotaka, ila uende kwa daktari.

Truett


Bonde la Sallee
12 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena, kwa sababu barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara nilikuitikia.

Niliisomea ndani ya gari nje ya posta. Nililia kidogo, nikafuta uso, nikaenda kununua chumvi ya ng'ombe. Nilijua, Truett. Nilijua tangu uliponitumia lile dume. Mtu anayekusudia kuja hatumi wa kumwakilisha. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Nilikuwa nimeudhiwa na ukimya wako, si na nyumba yako. Nyumba ni jambo jema. Ina jiko la aina gani?

Kuhusu shamba, usijipe ukubwa. Silitunzi kwa ajili yako. Naamka hapa kwa sababu napenda kuamka hapa. Harlan atalisha ng'ombe wake malisho ya chini, na mengine tutayaona nikishakufa, wala sina haraka. Uje kama mgeni. Mgeni hupewa keki, mrithi hupewa koleo. Mlete Maren msimu ujao, nimfundishe kukaa kimya, maana kwa barua zako naona hajafundishwa.

Alhamisi naenda kwa daktari wa masikio mjini. Harlan ananipeleka. Amenyoa na kuchana nywele kwa safari hiyo, sijui anadhani daktari atamtazama yeye.

Sasa nikwambie jana, siku ya mwisho ya msimu.

Nilivivaa vile vikombe vyako. Nilivivalia chini ya mwaloni, gizani bado, nikabonyeza pale ulipoandika nibonyeze. Truett, nilitishika. Kulikuwa na kelele. Kitu kilikuwa kinakwaruza karibu yangu, nikashika bunduki, kumbe ni mkono wa koti langu mwenyewe. Kisha kijito. Nilikuwa nimesahau kwamba kijito kinasikika kutoka juu kule. Kisha vyura wa bwawani, wote, hawajafa hata mmoja. Nikakaa hivyo, sikuita, nikiogopa kuongeza kelele juu ya zile.

Mwanga ulipoanza kuingia, kutoka kwenye matawi ya upande wa mashariki, akalia. Gulugulugulugulu. Dume mzee, sauti nzito yenye mchanga ndani yake. Nilihisi nywele za shingo zikisimama kama siku ya kwanza baba yako aliponichukua. Nikakwaruza kibao, mara moja, laini. Akanikatiza kabla sijamaliza. Akashuka mtini, nikasikia mabawa yake yakigonga matawi, nikasikia hatua zake kwenye majani makavu, anakuja, mkia wazi, ndevu zinafagia. Bunduki yako ndogo ilikuwa juu ya goti, nukta nyekundu inawaka. Akalia tena, karibu, mpaka kifua changu kikatikisika.

Na mimi nikageuka upande wa kushoto, kule ulikokuwa ukikaa wewe, nikasema kwa sauti kubwa, "Umemsikia?"

Aliyenisikia ni yule dume. Akakunja mkia, akatimua mbio kuteremka bonde kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Sikuinua bunduki. Nilibaki nimekaa na kichwa kimeinama, nikimfuata kwa masikio. Alilia tena alipovuka kijito. Akalia kwenye malisho ya Harlan. Akalia mbali zaidi, kule nyuma ya kilima cha pili, sauti ndogo kama ya kitu kilichodondoka nyumba ya jirani, na hiyo nayo niliisikia.

Shangazi yako,
Orpha